Kabla Hujamwita Mwanafunzi Mchochezi

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa TP mkoani Geita niliulizwa swali dogo likanitoa jasho. Kidato cha tatu, kipindi cha Kemia, binti mmoja akanyoosha mkono: "Madam, agitation ni nini?" Bila kufikiri nikajibu, "Uchochezi." Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, kule mtamboni kwa kaka ni kukoroga."

Alikuwa sahihi. Mimi mtoto wa Tinde, niliyekua nikiona malori yakikata kona pale njia panda kuelekea Kahama, nilijibu kama askari.

Kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, mawe yaliyosagwa huchanganywa na maji na sayanaidi ndani ya tangi, na tope lile hukorogwa muda wote. Ukizima mashine, tope linatuama, oksijeni haifiki vizuri, na dhahabu nyingi inabaki humo humo. Hiyo ndiyo agitation ya Kemia. Hospitalini neno ni lile lile, ila maana ni nyingine: mgonjwa hatulii, anahangaika, anang'oa dripu. Hiyo ni fadhaa, na anahitaji msaada. Kwenye siasa, ni kuwaamsha watu wadai jambo.

Kwa nini mimi nilikimbilia hiyo ya mwisho, tena kwa ubaya wake? Kuchochea kwetu ni neno la jikoni: unasogeza kuni ili moto uwake. Barabara ikijengwa tunaiita kichocheo cha uchumi, na tunapiga makofi. Lakini mtu akiuliza swali anakuwa mchochezi, na hapo hakuna anayewaza jiko. Tunawaza pingu, maana uchochezi ni kosa hata kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016.

Geita yenyewe ina historia na neno hili. TANU ilianzishwa Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha ikapigwa marufuku Usukumani, hadi 1958. Mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ambalo serikali ya kikoloni iliwaletea bila ridhaa yao. Wakaandamana hadi Mwanza kulipinga. Mkoloni aliwaona wachochezi. Sisi leo, kwenye somo la Historia, tunawafundisha watoto kwamba watu wa namna hiyo walipigania uhuru. Kitendo ni kile kile.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Wiki ya mwisho ya TP alisimama mstarini akauliza kwa nini darasa lao linakosa vipindi kila wiki kwenda kuchota maji. Ofisini mwalimu mmoja akasema, "Huyo mchochezi, mtazameni vizuri." Akaitwa, akachapwa. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nasubiri alama zangu za TP.

Najua kuna uchochezi wa kweli. Anayewaambia wenzake wachome bweni anatenda kosa, na akizuiwa ni haki. Lakini yule kijana alisema nini cha kuumiza mtu? Aliomba vipindi vyake. Tukimpa jina moja na mchoma bweni, tunawafundisha watoto wote waliokuwa pale mstarini kwamba kuuliza na kuharibu ni jambo moja. Siku wakikosa pa kuulizia, tusishangae watakachochagua.

Wengi wetu tutaingia ofisi za walimu miaka michache ijayo. Naomba tukubaliane kitu kimoja: kabla ya kumwita mwanafunzi mchochezi, andika swali lake kwenye karatasi, ulisome, ulijibu. Ukishindwa kulijibu, basi tatizo haliko kwake.

Kijana yule sasa yuko kidato cha nne. Swali lake, kwa ninavyojua, bado halijajibiwa, na mimi ni mmoja wa walionyamaza.