JINA LIKIFUTWA SHULENI LIANDIKWE PENGINE

KATIKA kila shule ya Tanzania lipo daftari la mahudhurio, na ni nadra kukuta daftari lisilo na majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wa darasa huandika neno "mtoro", mwalimu mkuu hutia sahihi, na hesabu hupelekwa wilayani. Kuanzia siku hiyo kijana huyo haandikwi tena mahali popote. Kwa wengine jina huonekana upya baada ya miaka michache, safari hii katika kitabu cha kituo cha polisi. Miaka inayopita kati ya vitabu hivyo viwili ndiyo inayoamua kama Taifa limejipatia fundi au limejipatia mhalifu.

Ni desturi ya baadhi ya watu, wakiwamo watumishi wa umma, kuwaita vijana hao wahuni na wazururaji. Majina hayo humpunguzia msemaji mzigo wa kufikiri, lakini hayaelezi kitu. Kijana anayepiga debe stendi, anayebeba magunia sokoni tangu alfajiri, au anayeshika spana gereji kwa malipo ya chakula cha mchana, hakukataa kazi. Kazi anaifanya, tena ngumu. Alichokosa ni ujuzi wenye thamani, cheti cha kuuthibitisha na mtu mzima wa kumwonyesha njia.

Taifa limekwisha kujaribu kulitatua tatizo hili kwa nguvu. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika jiji la Dar es Salaam watu walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Nia ya kutaka kila mtu afanye kazi haikuwa mbaya. Lakini wengi walirejea mjini, kwa sababu waliondolewa mahali walipokuwa bila ya kupewa ujuzi ambao hawakuwa nao. Lori linaweza kumhamisha kijana. Haliwezi kumfundisha useremala.

Njia bora zaidi ilikwisha kuonyeshwa kabla ya hapo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba shule ya msingi lazima imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi, na siyo kwa mtihani ambao wengi hawatafuzu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 milango ya shule za msingi ilifunguliwa kwa watoto wote, na vikaanzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza darasa la saba. Mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa ushirikiano na Sweden, ili mwananchi apate elimu na stadi za kazi bila ya kuulizwa kwanza alipata alama ngapi. Vituo vingi vya ufundi vilififia baadaye kwa kukosa zana, mbao na walimu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimedumu, na leo viko 54.

Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hakuna mipango. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, ulianza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya watoto wa miaka 11 hadi 13 na vijana wa miaka 14 hadi 18. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Asiyetaka kurudi huko anaweza kujiunga na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na vipo vyuo ambavyo mama kijana huenda na mtoto wake, akatunzwa hapo hapo wakati mama yuko katika masomo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, huwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani na kuwapa vyeti vya ujuzi wao. Kila halmashauri inatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana.

Kasoro ni kwamba kila mpango unasimama peke yake, na kijana huangukia katikati. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini mkopo wa halmashauri hawezi kuupata mpaka atimize miaka 18. Aliyeacha shule akiwa na miaka 14 ana miaka minne ya kungoja. Asipochukuliwa na MEMKWA, na chuo au na fundi mwema, atachukuliwa na kijiwe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haupungukiwi na walimu wa maovu.

Hata baada ya miaka hiyo minne hali haiwi bora ikiwa mambo hayakuunganishwa. Kijana anayemaliza ushonaji na kurudi nyumbani bila cherehani husahau alichofundishwa. Anayepewa mkopo bila ya kuwa na ufundi wowote huumaliza katika biashara asiyoijua. Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Utaratibu huo utafaa tu iwapo kikundi kinachokopeshwa kitakuwa cha watu wanaojulikana kwa sura na kwa kazi ya mikono yao.

Dawa ya kasoro hii haitoki makao makuu, na wala haihitaji fungu jipya la fedha. Jina linapofutwa katika daftari la shule, mwalimu mkuu alipeleke kwa Afisa Elimu Kata, na Afisa Elimu Kata alifikishe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji. Balozi wa shina, anayejua nani analala nyumba gani, aulizwe mtoto huyo yuko wapi. Kamati ya Maendeleo ya Kata iyasome majina hayo katika kikao, na mbele ya kila jina iandike uamuzi: arudi shule, aende MEMKWA, aende chuoni, au akabidhiwe kwa fundi anayeaminika kwa makubaliano yanayojulikana kwa wazazi. Kikao kinachofuata kiulize kama uamuzi huo ulitekelezwa.

Walimu watasema, kwa haki kabisa, kwamba madarasa yamejaa na kwamba tayari wanaandika taarifa nyingi mno. Hapana shaka mzigo wao ni mkubwa. Lakini kumfuata mtoto juma la kwanza la utoro ni kazi ya jioni moja, na kumfuata baada ya miaka mitatu ni kazi ya polisi, mahakama na magereza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na gharama ya ukuta huo hulipwa na wananchi wote, mwalimu mwenyewe akiwamo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na mafunzo ya amali yamepewa nafasi yake katika shule za sekondari. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo neno "lazima" halimrudishi mtoto darasani kwa kuandikwa katika waraka. Humrudisha mtu aliyetoka ofisini, akabisha hodi, akamwita kijana kwa jina lake na kumwambia kwamba nafasi yake ingalipo. Mtumishi wa umma anayefanya hivyo kwa vijana watano tu katika mwaka mmoja amelifanyia Taifa kazi kubwa kuliko taarifa yoyote aliyowahi kuiandika.