Ujinga wa Kale Ulitungwa Juzi

Aketiye barazani Arua, au katika soko la Koboko ambako Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili hukutana juu ya bei ya kitenge kimoja, hakosi siku moja kumsikia mtu aliyesoma akinena kwamba watu wa zama za kati waliitakidi kuwa dunia ni tambarare kama sinia, na kwamba nchi zetu hizi hazikujulikana na yeyote hata alipofika Mzungu. Madai hayo ni ndugu wa baba mmoja, na yote mawili ni batili.

Yapata miaka elfu iliyopita mwanazuoni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipanda mlima katika nchi ambayo leo ni Pakistani, akiwa amekwisha kupima kimo chake, na alipofika juu akapima kwa asturlabu ni kiasi gani upeo wa macho umeinama chini ya mstari ulionyooka, kisha kwa hesabu hiyo akaupata ukubwa wa tufe la dunia, karibu kabisa na ule tuujuao sasa. Wanazuoni wa Ulaya nao walilifundisha tufe hilo vyuoni mwao. Na hadithi ya Columbus kubishana na watu wa dunia tambarare ilienezwa na Mmarekani Washington Irving katika kitabu chake cha mwaka 1828.

Ama kuhusu nchi zetu, al-Idrisi alipomkamilishia Mfalme Roger wa Sisilia ramani yake mwaka 1154, aliuchora mto Nile ukitoka katika maziwa ya kusini. Alikosea mengi, kwani hata bara letu alilipinda kuelekea mashariki, wala hakupata kuuona mkondo unaopita Rhino Camp. Lakini kukosea si kutojua kitu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina.

Baada ya hayo yote, msafiri Mwingereza Samuel Baker, aliyepewa habari za ziwa na msafiri mwingine, Speke, huko Gondokoro mwaka 1863, ilhali Speke mwenyewe alizipata kwa wenyeji, aliongozwa na Wanyoro hadi ufukoni mwaka 1864, akaliita Albert ziwa ambalo wao waliliita Mwitanzige, na vitabu vikaandika kwamba amelivumbua.

Zitazame tarehe hizo, 1828 na 1864: ni karne ile ile iliyojisifu kwa nuru yake ndiyo iliyowatungia wazee ujinga, kwa kuwa kumdunisha aliyetangulia ni njia nyepesi ya kujitukuza, na nchi isemwayo kuwa haijulikani huonekana haina mwenyewe. Haukupita muda mrefu, eneo la Lado, ambalo Nile Magharibi ilikuwa sehemu yake, likawa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha mwaka 1914 Nile Magharibi ikatiwa Uganda, na Wakakwa wakajikuta wamegawanyika katika dola tatu kwa mistari ambayo hawakuulizwa.

Kwa hiyo walimu wetu wa Arua na Koboko waache kumpa alama mtoto anayejibu kwamba Baker alilivumbua ziwa. Wamwulize badala yake: ni nani waliomwonyesha njia, na kwa nini majina yao hayakuandikwa?