Tanzania: Fidia ipo, lakini mwajiri akinyamaza?

Nilipokuwa nikisoma uhamishoni mkoani Kigoma miaka ya 1990, jirani yetu, mkimbizi Mrundi kama sisi, alikatwa vidole vitatu na mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine alimpa nauli ya kwenda hospitali, basi. Alipopona alikuta kazi yake ina mtu mwingine.

Leo Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015. Aliyeumia kazini hutibiwa, na asipoweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa miezi isiyozidi 24. Mfuko hugharimia pia utengamao ili arejee kazini.

Hata hivyo, mlango wa kwanza ni mwajiri, anayetakiwa kuripoti ajali ndani ya siku saba. Akinyamaza, kibarua aliyevuka mpaka bila mkataba ataanzia wapi?

Ndugu zetu mnaokwenda huko, mkiumia semeni siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, na mtunze karatasi za hospitali. Jirani yetu hakuwa na karatasi hata moja.