TANGA LIKISHAANULIWA, WEWE UKO WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sisi kwenye misiba tunajijua. Mtu akifiwa, siku ya kwanza uani hapapitiki. Mikeka inatandikwa, masufuria ya wali yanapanda motoni, maiti inaoshwa, inasaliwa, inazikwa. Siku ya tatu tanga linaanuliwa, viti vinarudishwa vilikoazimwa. Siku ya nne mfiwa anaamka, nyumba kimya. Msiba wake ndio kwanza unaanza, na sisi tumeshaondoka.

Rai yangu nakwambia mapema: kusindikiza jeneza ni haki ya kila Muislamu kwa Muislamu mwenzake, hata asiyemjua. Haki ya urafiki inaanza baada ya hapo. Hebu tufuatane katika safari za Mtume wetu (s.a.w.), uone mwenyewe.

1. SAFARI YA ABWAA

Mtume (s.a.w.) alikuwa na miaka sita. Mama yake, Amina, alimpeleka Yathrib, mji tunaouita Madina leo, kisha wakaanza kurudi Makka. Njiani, mahali panapoitwa Abwaa, mama akafariki. Baba alishafariki kabla mtoto hajazaliwa. Aliyebaki naye pale jangwani ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyekuwa mlezi wake. Yeye ndiye aliyemrudisha yatima yule Makka.

Miaka mingi ikapita. Yatima akawa Mtume, ana umma nyuma yake. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba alilizuru kaburi la mama yake, akalia, na akawaliza waliokuwa pamoja naye. Zingatia hapo. Masahaba hawakumwambia kwamba ni mambo ya zamani. Walilia naye. Basi wewe unayemwambia mwenzako "si mwaka umeshapita, bado tu?", umejifunza wapi?

2. SAFARI YA TAIF

Mwaka wa kumi wa utume, Mtume (s.a.w.) alifiwa na Abu Talib, ami yake aliyemlinda, na mkewe, Bibi Khadija (r.a.). Wanachuoni wakauita Mwaka wa Huzuni. Na huzuni hiyo ikiwa bado mbichi, akapanda milima kwenda Taif kuwalingania watu wa Thaqif. Wakamkataa, wakawachochea wajinga wao wamrushie mawe hadi miguu ikatoka damu.

Wanavyosimulia watu wa sira, mtu mmoja tu alikuwa naye: Zayd bin Haritha (r.a.). Zayd aliweka mwili wake mbele ya mawe mpaka akapasuka kichwa. Na usisahau kuwa Zayd naye alikuwa mfiwa. Alipokuwa mtumwa, Bibi Khadija ndiye aliyempa Mtume, naye akakulia katika nyumba ile. Wafiwa wawili, njia moja, mmoja anamkinga mwenziwe.

Miaka baadaye Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume kama aliwahi kupatwa na siku nzito kuliko ya Uhud. Akamsimulia habari ya safari ile, kwamba alitembea kwa majonzi hata hakuzindukana mpaka alipofika Qarn ath-Tha'alib. Habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na tumeipata kwa sababu kuna mtu aliuliza. Wewe rafiki yako uliwahi kumuuliza?

3. SAFARI YA HIJRA

Katika Surat At-Tawba, aya ya 40, Allah anatutajia pango, na jinsi Mtume alivyomtuliza sahibu yake, Abu Bakr (r.a.), asihuzunike kwa kuwa Allah yu pamoja nao. Aliyesema maneno hayo alikuwa ndani ya pango lilelile, maadui wakiwa juu ya vichwa vyao. Ndiyo maana yalituliza moyo. Sisi tunanakili ujumbe wa "subira, ni kazi ya Mungu", tunautuma kwa wafiwa kumi, tumelala kitandani. Ujumbe si haramu, lakini usidhani umeingia pangoni.

Abu Bakr hakulisahau somo. Mtume alipofariki, alimwambia Umar (r.a.) waende kwa Ummu Ayman, kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Ndiye yule mlezi wa Abwaa, sasa mtu mzima. Walipofika akalia. Wakamuuliza analia nini, hali kilicho kwa Allah ni bora kwa Mtume wake? Akajibu kwamba hilo analijua. Analia kwa kuwa wahyi umekatika kutoka mbinguni. Wakakaa, wakalia pamoja naye. Hii nayo imo katika Sahih Muslim. Khalifa ana dola ya kuendesha, lakini anapata nafasi ya kwenda kukaa na bibi mmoja mfiwa.

Utasema: "Shekhe, si maombolezo ni siku tatu?" Hadithi hiyo inazungumzia mwanamke kuacha kujipamba kwa ajili ya maiti, na kwa mumewe ni miezi minne na siku kumi. Haikuwekea huruma kikomo. Utasema tena kwamba kulia ni udhaifu wa imani. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, na alipotangaza kufa kwa Zayd huyohuyo, vitani Mu'ta.

SASA UFANYE NINI?

– Nenda siku ya nne. Nenda siku ya ishirini. Huna la kusema? Kaa.
– Dada yangu, mwenzako aliye edani hatoki kama alivyozoea. Mgongee mlango. Muulize unga upo, na ada ya watoto imelipwa?
– Mtaje marehemu kwa jina lake. Mfiwa haogopi kulisikia. Anaogopa kwamba watu wamelisahau.
– Uko mbali, Muscat au London? Piga simu, asikie sauti yako.

Na wewe uliyefiwa, usimfungie mlango anayekuja. Kukubali kusindikizwa hakupunguzi tawakkul yako.

Kabla hujaendelea na mengine, mfikirie mtu mmoja aliyefiwa mwaka huu ambaye hujamuona tangu mazishini. Jina limekujia. Leo baada ya Alasiri, nenda.

Ewe Allah, warehemu maiti wetu, waunge wafiwa wetu, na utujaalie tuwe masahibu wa njiani na si wa mlangoni. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.