Panzi Aitwe Panzi

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, tena kwa watu ninaowaheshimu, hata nimeona si vyema kuendelea kuinyamazia. Husemwa kwamba mkubwa anayecheza na mdogo, au yeyote anayewapangia wengine mchezo, ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wanashinda. Na kama hawawezi kushinda kwa nguvu zao, basi awaachie kimyakimya, wasijue. Wenye hoja hii huiita upendo. Mimi niliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka 30 naiita dharau.

Wasukuma wa rika langu waliisikia jikoni kwa bibi zao hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha, naye akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza baba yuko wapi, akaelezwa. Siku moja akaua panzi, akaja mbio akishangilia kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia: mwanangu, huyu ni panzi tu, tumkaange tumle. Siku nyingine akaleta ndege, akaambiwa ni ndege. Akaleta paa, akaambiwa ni paa. Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka wazima na ng'ombe wao. (Yupo pia bibi kizee aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati wa kupasua, akatoka na hasira badala ya shukrani. Wakuu wa shule wenzangu wataelewa kwa nini sijamsahau.)

Hebu mtazame mama yule. Hakumpeleka mtoto mdogo mbele ya zimwi, wala hakumkataza kuwinda. Alimwacha apande kutoka panzi hadi ndege, kutoka ndege hadi paa. Lakini hakumdanganya hata mara moja. Ingekuwa rahisi sana kupiga vigelegele siku ile ya panzi, na mtoto angelala usingizi mwororo. Baba yake angebaki tumboni mwa zimwi.

Mjukuu wangu, anayesoma chuo hapa Mwanza, ameingia katika mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Siku za Jumamosi wenzake wanne huketi sebuleni kwangu Nyegezi, kila mmoja akiwa mtu wa hadithi, huyu mpiga upanga, yule mchawi, na mjukuu wangu ndiye msimulizi. Yeye hubuni njia, mapango na mazimwi, na mapigo huamuliwa kwa kurusha dadu yenye pande 20. Wapo majirani walionong'ona kwamba ni ushirikina. Mimi niliona ngano za jikoni zilizotiwa hesabu, nikaomba kitabu nikisome.

Hesabu yenyewe, nakiri, ilinifurahisha. Katika toleo la mwaka 2014 kila adui ana alama zake, na kila pambano lina daraja: rahisi, wastani, gumu, la mauti. Zimwi dogo linaloitwa goblin lina alama 50. Manne yana alama 200, na kwa wachezaji 4 walio katika ngazi ya kwanza ungedhani hilo ni pambano la wastani. La hasha. Kitabu kinaamuru kwamba maadui wakiwa 3 hadi 6 jumla izidishwe kwa 2. Zinakuwa 400, na hapo ndipo mauti yanapoanzia. Sababu ni kwamba kila adui ana zamu yake ya kupiga: mmoja mwenye nguvu hupiga mara moja wakati ninyi mnapiga mara nne, lakini wanne dhaifu wanawajibu pigo kwa pigo. Sisi wa Usukuma hatukuhitaji kitabu kutufundisha hilo. Miaka ya 1980 wanavijiji waliojikusanya kwa mishale na filimbi kupambana na wezi wa ng'ombe waliitwa sungusungu, jina la wadudu weusi wadogo ambao mmoja wao humwogopi, ila wakija kwa wingi unatoka mbio. Toleo la mwaka 2024 limeacha kuzidisha huko. Mimi ningekuacha kubaki.

Hadi hapo sina ugomvi. Kupima pambano kabla halijaanza ndiyo kazi ya mwalimu kila asubuhi. Ugomvi wangu ni juu ya kipande cha boksi.

Mjukuu wangu husimamisha mbele yake kipande cha boksi na kurusha dadu zake nyuma yake, wenzake wasizione. Mimi nikiwa kwenye kiti changu cha kona naziona. Dadu ikisema mchawi wao amekufa, yeye hutamka namba nyingine. Nilipomuuliza faraghani alijibu: “Babu, lengo ni wafurahi. Kama nimelipima vibaya pambano, wafe kwa kosa langu mimi?”

Jibu hilo si la kijinga, na linastahili kujibiwa. Kama amepima vibaya, aseme. Au, kama hataki kuvunja hadithi, airekebishe ndani ya hadithi yenyewe, mahali ambapo wote wanaona: mazimwi yawateke badala ya kuwaua, yadai fidia, yagombane juu ya ngawira, yakimbie mkubwa wao akianguka. Njia ziko mia. Shuleni swali lililogundulika kuwa bovu lilifutwa kwa darasa zima, na darasa likaelezwa. Hatukuingia ofisini usiku kuwaongezea alama wale tuliowahurumia. Na tazama uongo huu umewafanya nini vijana wale. Miezi ya mwanzo walikuwa wakipeleleza, wakipanga, wakibishana nani atangulie. Siku hizi wanaingia kila pango kama mtu anayeingia sokoni Kirumba kununua nyanya. Hawajaambiwa kwamba hawafi, lakini wamekwisha kunusa. Mchezo umewachosha, na msimulizi anadhani dawa ni kuwahurumia zaidi.

Wazee wetu walilitatua jambo hili juu ya ubao wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 katika nyumba na 4 pembeni yake, na 22 mkononi. Kunamua peke yake kunatosha kumvuruga anayejifunza. Je, walimwachia mwanagenzi ushindi? Hapana. Walimwekea bao la kujifunza: kete mbilimbili katika kila shimo, hakuna nyumba, hakuna kunamua, mnaanza moja kwa moja na mtaji. Tena jina lake ndilo hilo, bao la kujifunza, na apitaye barazani anaona ni lipi linachezwa. Wachezaji wa Go wa Japani nao humpa aliye dhaifu mawe hata 9 ubaoni kabla ya kuanza, na wote wanayahesabu. Mimi nikicheza na mtoto wa jirani humpa kete zangu 4, kwa sauti: wewe 36, mimi 28. Akinishinda anajua ameshinda nini, na kesho yake anasema, “Babu, leo nipe 3 tu.” Hakuna kauli iliyonifurahisha zaidi tangu nistaafu. Mtoto hawezi kuomba apunguziwe msaada ambao hajui kwamba anapewa.

Nisieleweke kwamba nawatetea wazee wenzangu wanaommaliza mtoto kwa mitaji miwili na kucheka, wakisema hata sisi tulifundishwa hivyo. Hao wanampeleka Masala kwa Shing'weng'we siku ya panzi, kisha wanashangaa kwamba vijana wamehama baraza.

Wapo pia wanaosema dunia haimpimii mtu, basi na mchezo usipime. Ni kweli kwamba kiboko wa ziwa hili hapunguzi meno yake kwa sababu mvuvi ni mgeni. Lakini mvuvi mgeni huambiwa na wenyeji: pale penye matete pana kiboko, zunguka. Katika mchezo vilevile namruhusu msimulizi aweke zimwi lisiloshindika, alimradi aweke mifupa mlangoni mwa pango na njia ya kurudi nyuma. Aliyeona mifupa akaingia, hajaonewa.

Haya si mambo ya sebuleni tu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa takriban 6 kati ya kila 10 walipata daraja la sifuri. Mei mwaka huohuo serikali iliyafuta, yakapangwa upya, na waliofaulu wakaongezeka. Sababu iliyotolewa ni kwamba utaratibu mpya wa kupanga alama ulitumika bila maandalizi ya kutosha. Maana yake kipimo kilibadilika wachezaji wakiwa hawajaandaliwa, kisha kikabadilishwa tena dadu ikiwa imekwisha kutua. Huruma ilikuwapo, sikatai. Lakini kijana aliyekuwa sifuri mwezi Februari na kufaulu mwezi Mei alijifunza nini juu ya nguvu zake? Aliua panzi, au aliua paa? Hapakuwa na mama wa kumwambia.

Nimemwambia mjukuu wangu aliondoe lile boksi. Amekataa, anasema msimulizi lazima afiche ramani. Ramani na aifiche, nimekubali, maana hata Masala hakuonyeshwa zimwi linalala kilima kipi. Ninachodai ni dadu zirushwe katikati ya meza. Anasema atafikiri. Jumamosi nitahamisha kiti changu kutoka kona hadi upande wake wa meza, nami nitavaa miwani.