Mwenye msumeno ndiye anunue oili

Huku Handeni na Korogwe, mwenye msumeno wa mnyororo mara nyingi siye anayeushika porini. Anamkabidhi mkataji, wanapatana malipo, na mafuta yanakuwa juu ya mkataji. Kwa mtazamo wangu hasara inaanzia hapo. Mkataji akipunguza oili anabakiwa na fedha leo. Pistoni ikikwaruzika na injini ikagoma, gharama ni ya mwenye mali.

Injini hizi za mipigo miwili hazina oili yake pembeni kama gari. Inayolainisha pistoni na beringi ni ile tu iliyochanganywa kwenye petroli. Mashine nyingi za sasa zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 kwa lita. Baadhi, hasa za zamani, zinataka 25 kwa moja, yaani mililita 40. Kinachoamua ni kitabu cha mashine, siyo fundi wa jirani. Kuzidisha nako kunachafua plagi na kuongeza moshi. Oili ya injini ya gari haifai kabisa.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Kwa 50 kwa moja, lita moja ya oili inatosha petroli lita 50. Basi mwenye msumeno anunue oili mwenyewe, ampe mkataji pamoja na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa za mifugo: bomba moja, lita moja. (Kizibo cha soda siyo kipimo.) Wachanganye ya siku chache tu, kwani ikikaa miezi inaharibika, na dumu litikiswe kabla ya kujaza.