Mzazi si Mgeni Wodini

Kwenye mlango wa wodi nyingi za watoto wachanga wagonjwa pamebandikwa karatasi yenye saa za kuona wagonjwa. Jamaa na majirani huisoma na kuitii. Mama wa mtoto naye huisoma, akasimama nje huku kifua kimejaa maziwa, akingoja saa ifike aruhusiwe kumwona mtoto aliyemzaa juzi. Katika miaka yangu ya uuguzi nimeisimamia karatasi hiyo mimi mwenyewe. Leo naandika kukiri kwamba nilikosea, na kwamba kwa upande wa wazazi desturi hiyo yafaa iachwe.

Tutazame kwanza anachokutana nacho mzazi huyo. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, amelazwa ndani ya mashine ya joto. Mpira mwembamba umepitishwa puani hadi tumboni, oksijeni inaingia, na kila mara kengele inalia bila mzazi kujua inalilia nini. Kwenye utepe wa mguuni hakuna jina. Pameandikwa “Mtoto wa”, kisha jina la mama. Nyumbani wageni hawajui kama waje kupongeza au kutoa pole. Mama anatoka hospitalini mikono mitupu, na kesho yake anapanda daladala kurudi, kidonda cha upasuaji hakijapona.

Juu ya hayo kuna lawama. Mama hujiuliza kama ni ile ndoo ya maji aliyoibeba, au ule ugomvi wa wiki iliyopita. Wengine huambiwa wamerogwa. Ukweli ni kwamba uchungu wa mapema hutokana na mambo kama maambukizi, shinikizo la damu la ujauzito au mimba ya mapacha, na mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Neno hili, “Mama, hukukosea”, linapaswa kusemwa siku ya kwanza na kurudiwa, kwa kuwa aliye katika hofu halisikii mara ya kwanza.

Sisi wahudumu, badala ya kulisema hilo, huishia kusema “jipe moyo” na “subira huvuta heri”. Maneno hayo ni mema, lakini mtu hawezi kujipa moyo akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbini bila la kufanya. Nilichojifunza ni kwamba mzazi hupata nguvu pale anapopewa nafasi yake kwa mtoto: kumshika, kumkamulia maziwa, kumbadilisha nepi, kumlaza kifuani.

Wala haya si mambo ya huruma tu, ni tiba. Matunzo ya kangaruu, ambapo mtoto hulazwa kifuani kwa mzazi ngozi kwa ngozi, yalianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo mashine za joto hazikutosha. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto angojewe hali yake itulie ndipo apelekwe kifuani. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha vingine. Miongoni mwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walioanza matunzo hayo mara baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kwa wale waliongojewa kwanza, walifariki karibu 16 katika kila 100. Mwaka 2022 Shirika hilo lilibadili mwongozo wake: matunzo hayo yaanze mapema iwezekanavyo, na familia ishirikishwe katika kumtunza mtoto.

Wenzangu watasema wazazi wataleta maambukizi, na wodi ni finyu. Hoja ya ufinyu ni ya kweli, nami siwezi kuipuuza: pasipo vitanda vya mama, mwongozo hubaki karatasini. Hata hivyo, kiti kimoja kando ya kila mtoto si gharama ya kutushinda. Ama maambukizi, katika utafiti huohuo yaliyoshukiwa yalikuwa machache zaidi kwa watoto waliokaa na mama zao. Mzazi aliyefundishwa kunawa mikono humgusa mtoto mmoja. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huwagusa wengi.

Baba naye asisahauliwe. Mara nyingi tunamjua kama mtu wa kutumwa dawa na kulipia bili. Kifua chake kina joto lilelile, na mtoto hutulia juu yake pia. Bibi na shangazi wanaweza kupokezana naye ili mama alale. Tanzania ilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti apate nyongeza ya likizo. Ni hatua njema, lakini mama lishe na mkulima hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Hao wanahitaji msaada wa ndugu na mahali pa kulala karibu na wodi.

Kwako mzazi nina machache. Muulize muuguzi kila siku maswali matatu: mtoto amepumuaje, amekula kiasi gani, na leo tunangoja nini? Yaandike majibu. Mteue ndugu mmoja awe msemaji wa familia, ili usiwajibu watu ishirini kwa simu. Kamua maziwa angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwamo. Dang'a ikitoka matone machache tu, usiitupe, kwa maana matone hayo yanatosha mtoto wa kilo moja kwa kuanzia. Kula, na ulale kwa zamu. Na kama unashindwa kulala hata unapopata nafasi, huna hamu ya kumwona mtoto, au unawaza kujidhuru, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na una tiba.

Si kila mtoto atakwenda nyumbani, na hili pia tulinene kwa uwazi. Mzazi aliyefichwa ukweli kwa kuambiwa “anaendelea vizuri” huumizwa mara mbili siku ya msiba. Nimewaona akina mama waliompakata mtoto hadi pumzi ya mwisho, na nimewaona walioitwa wakati yote yamekwisha. Kilio ni kimoja, lakini wale wa kwanza hawakuniuliza swali ambalo hawa wa pili huniuliza hadi leo: “Sista, alikuwa na nani?”

Basi karatasi ile ibaki mlangoni kwa ajili ya wageni. Chini yake tuongeze mstari mmoja: mama na baba wa mtoto, karibuni wakati wowote.